Namba Haina Ngumi

Jumapili, 3 Novemba 2013. Kasulu

Naandika kwa sababu nikiyasema haya kwa mdomo nitamtukana mtu mzima, na Mama amenikataza kutukana watu wazima mpaka maharage yavunwe.

Mzee Khatibu ametangaza leo, banda lake la michezo ya televisheni limejaa watu waliokimbia mvua, kwamba mwezi wa kwanza anafungua banda jingine Kibondo. Msimamizi wake atapatikana kwa ngumi. Ngumi za mashine. Sikukuu ya Mapinduzi tutashindana, na atakayebaki wa mwisho anapewa funguo, mshahara na chumba cha kulala nyuma ya banda. "Mimi sipendelei mtu," akasema, mkono kifuani. "Kibondo wanataka bingwa."

Sasa mimi ni nani? Mwaka mzima nimeliendesha hili la Kasulu. Nafungua asubuhi, nafagia maganda ya karanga, nawasha jenereta umeme ukikatika, naamua ugomvi wa zamu. Kazi ninayoifanya kila siku natakiwa niipiganie na watu waliokuja kujikinga mvua. Lakini nilinyamaza. Kwenye ngumi hakuna anayeniweza, na sitaki kuzeekea kwenye shamba letu la Titye nikipalilia na kusubiri mchumba ambaye Mama anasema yuko njiani.

Mashine yenyewe Khatibu aliitoa Dar es Salaam. Unashika rimoti mbili, moja kila mkono, unasimama mbele ya televisheni. Ukirusha ngumi hewani, mdoli wako kwenye kioo naye anarusha. Ukipandisha mikono usoni, anajikinga. Kila mtu ana mdoli aliyemchagulia sura na jina, na juu ya kioo, kila pambano likianza, inaonekana namba ya kila mdoli. Ukishinda inapanda, ukishindwa inashuka. Mdoli wangu anaitwa Pelagia kama mimi na namba yake imepita elfu. Wengine wote wako huko chini kwenye mamia.

Na Waha wenzangu nao. Namba wameigeuza ukubwa. Kabla ya pambano, mwenye namba ndogo anainama, anapiga makofi polepole, "Mwidiwe," kama anaamkia mzee wa ukoo. Ilianza kama utani. Siku hizi asiyepiga makofi anaambiwa hakulelewa. Wanaume wenye ndevu wananipigia mimi, na ninapokea, nidanganye nini.

Jumatano, 6 Novemba

Mvua. Umeme hakuna. Jenereta imenichafua gauni la kanisani, na sijui nililivaa kwa nini.

Jumamosi, 9 Novemba

Nurudini amefika. Ni mtoto wa dada yake Khatibu, ametoka Tanga, ana viatu vyeupe kwenye tope hili. Mjomba wake akampa rimoti, akamchagulia na mdoli. Wangu.

"Mzee," nikasema, "huyo ni wangu."

"Wako kivipi? Mashine ya nani?"

"Mashine yako. Namba nimeipandisha mimi."

"Basi umelipandisha banda, Mungu atakulipa. Wewe tengeneza mwingine."

Nurudini akanigeukia. "Usimaindi, sista." Akaingia kupigana, sura yangu, nywele nilizozichagua mimi, jina alilonipa baba yangu. Watu wakampigia makofi, mwidiwe, mwidiwe, akawashinda mmoja baada ya mwingine, na kurusha ngumi hajui. Anarusha kama mtu anayefukuza nzi.

Hilo ningelimeza. Kilichonikaa kooni ni maneno ya wateja. Evaristi, fundi baiskeli, mtu ninayemwekea nafasi mbele kila Jumamosi, akasimama kuwafafanulia wenzake: "Mnaona? Si Pelagia aliyekuwa anapiga. Ni namba. Namba ikiwa kubwa ngumi inakuwa nzito, kama mchi mkubwa na mchi mdogo." Wakaitikia kwa vichwa. Mwaka mzima mabega yananiuma, kumbe nilikuwa nabebwa.

Jumanne, 12 Novemba

Nimetengeneza mdoli mpya, anaanza sifuri. Nimemwita Pela, maana Pelagia ameshachukuliwa mchana kweupe.

Nikamwita Evaristi aje aone kwa macho yake. Kuna mdoli wa mazoezi ndani ya mashine, anasimama tu kama gunia. Nikampiga kwa Pela wa sifuri, ngumi ya kulia, Evaristi akatazama mstari wa nguvu unashuka kiasi gani. Nikamchukua Pelagia wa elfu, nikapiga ngumi ileile. Mstari ukashuka kiasi kilekile. Nikarudia mpaka jasho likanitoka.

"Umeona sasa?"

"Nimeona," akasema. "Mashine imekuzoea, Pelagia. Inakuonea huruma."

Nilimtoa nje. Kwenye mvua.

Jumapili, 17 Novemba

Nurudini hajafagia hata siku moja.

Jumapili, 24 Novemba

Nimepigana na Nurudini, nimeshindwa, na nimekaa na hasira tangu saa nane mchana mpaka chakula kimenishinda.

Nilijua namhitaji mtu mmoja tu wa kumpiga mbele ya watu ili maneno yaishe, na mtu huyo ni yeye. Namba zikatokea juu ya kioo. Yake elfu na kitu, yangu haijafika mia mbili. Banda zima likaniangalia. Khatibu akasema taratibu, kama anayefundisha mtoto, "Adabu, Pelagia." Nikainama. Nikapiga makofi. Nilisema mwidiwe kwa mdoli mwenye sura yangu, na Nurudini akaitikia kwa niaba yake, anatafuna karanga.

Pambano likaanza, na mikono sijui ilikwenda wapi. Nilikuwa narusha ngumi nusu. Naiona nafasi, nasita, nafasi inafunga. Mtu anafukuza nzi mbele yangu na mimi najikinga kama ninapigwa mawe. Nilianguka kwenye raundi ya pili.

"Namba hiyo," Evaristi akasema huko nyuma.

Ningekuwa na mchi halisi wakati ule ningempa aupime uzito.

Kibaya zaidi ni kwamba usiku huu nimeanza kujiuliza kama ni kweli. Najua si kweli. Nimepima mwenyewe. Mbona basi mkono ulikataa?

Jumapili, 1 Desemba

Kanisani padri alihubiri uvumilivu. Nimehesabu mabati.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru, banda limejaa, na mimi leo hasira zangu nimezielekeza kwa Manirambona.

Manirambona ni kijana wa Kumsenga, wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye hajazaliwa. Anauza vitunguu sokoni, akimaliza anakuja hapa. Hakuna mtu anayeipenda hii mashine kama yeye na hakuna anayeshindwa kama yeye. Anaanza kuinama kabla namba hazijatokea. Anapiga makofi marefu, anaulizia nyumbani, anaulizia mifugo, kisha anapigwa, anasema asante. Na mikono anayo mizuri! Nimemwona akijaribu peke yake asubuhi nikifagia, anarusha kushoto-kulia haraka mpaka nikaacha kufagia. Akija mtu tu, anageuka uji.

Nilimwambia, "Wewe unakuja hapa kufanya nini?"

"Kucheza, dada."

"Hapana. Unakuja kupigwa."

"Ndiyo, dada."

Mtu wa namna hiyo ananitia hasira kuliko Nurudini. Nurudini angalau anataka kitu.

Jumanne, 17 Desemba

Mvua siku tatu mfululizo. Bati linavuja juu ya televisheni. Nimemwambia Khatibu. Amesema ataangalia.

Jumamosi, 21 Desemba

Hakuangalia. Maji yameingia, na sehemu ya juu ya kioo imekuwa nyeusi tii, upana wa kiganja. Midoli inaonekana, namba hazionekani.

Wateja waliinuka wakakaa. Nani ampigie nani makofi? Namba zinapanda na kushuka kila siku, na kumwamkia mtu uliyempita ni aibu, kutomwamkia aliyekupita ni aibu kubwa zaidi. Basi watu wakaona heri wasipige kabisa. Wakawa wanaingia kimya, wanashika rimoti, wanaanza.

Manirambona akapangwa na Nurudini. Hakuinama, kwa sababu hakujua ainame kiasi gani. Alisimama tu. Kushoto-kulia, kushoto-kulia, na mdoli wangu mwenye namba ya elfu akalala chini miguu juu. Nurudini akadai marudio. Akalala tena.

"Mashine inaumwa," Khatibu akasema. Evaristi akasema maji yameondoa uzito. Manirambona mwenyewe akaomba radhi.

Mimi nilikaa juu ya jenereta nikacheka peke yangu mpaka mtu akaniuliza kama niko sawa.

Jumatatu, 23 Desemba

Fundi ametengeneza televisheni. Namba zimerudi, makofi yamerudi. Manirambona ameshindwa na kila mtu, hata na mzee mmoja wa Busunzu aliyekuja kuuliza gari.

Ijumaa, 27 Desemba. Titye

Maharage yako tayari na mvua haitaki kuacha. Tunang'oa kwa kuvizia jua. Nimemweleza Mama mambo yote, kwa sababu mgongo ukiuma mtu anasema chochote.

Nilitegemea aniambie kupigana na televisheni ni wazimu, kama anavyosema siku zote. Aliendelea kung'oa. Kisha akasema, "Kwani wewe ulimpigia makofi huyo kijana?"

"Ndiyo. Namba yake ilikuwa kubwa."

"Ukamwamkia kama mkubwa wako."

"Ndiyo, Mama."

"Halafu ukataka mkono umpige. Nimekulea vibaya hivyo?"

Nilisimama na maharage mkononi. Mama yangu hajawahi kuingia kwenye lile banda. Rimoti hajaishika. Na mimi mwezi mzima napima uzito wa ngumi za mdoli, wakati kinachopungua ni ngumi ya mtu. Namba haimpi mdoli kitu. Inamnyang'anya aliyesimama mbele yake.

Nilikasirika upya, tena nilikasirika vibaya. Nilikumbuka wanaume wote wenye ndevu walioinama mbele yangu mwaka huu. Sijui nilimshinda nani na nani alinipisha. Hakuna mtu anayeweza kuniambia sasa.

Jumapili, 5 Januari 2014

Nusu ya maharage yameota yakiwa kwenye maganda. Nimegombana na Mama kwa sababu ya turubai, tumenuniana, kisha jioni akanipa kitenge chake cha zamani, cheusi chenye majani. Sikumwomba. Alisema, "Kwenye kioo kile, upana wa kiganja, si ndiyo?"

Jumapili, 12 Januari

Siku ya Mapinduzi. Nitaandika yote, hata mkono ukifa ganzi.

Watu walijaa mpaka nje. Khatibu amevaa kanzu mpya. Kabla hajafungua mdomo nikapanda kwenye benchi na kitenge cha Mama.

"Mzee Khatibu, ulituambia hupendelei mtu."

"Sipendelei."

"Basi leo namba zifunikwe na makofi yasipigwe. Mtu asimame na mwenzake bila kuamkiana, apige, ashinde au ashindwe."

Minong'ono. Bila kuamkiana, kama ng'ombe? Nurudini akasema naogopa. Evaristi ndiye aliyenisaidia bila kujua, akasema kwa sauti, "Kitambaa hakizuii uzito wa ngumi. Namba iko palepale ndani." Khatibu alikuwa anaamini hivyohivyo. Alitazama umati, akatabasamu. "Afunike. Atatoa sababu gani tena akishindwa?"

Nikafunika juu ya kioo, nikapigilia pini.

Sitaandika mapambano ya asubuhi. Nitaandika la Nurudini. Tulisimama bega kwa bega, na kwa mara ya kwanza tangu Novemba nilimwona Nurudini mwenyewe, kijana mwenye viatu vyeupe anayerusha mikono ovyo. Sura ya mdoli ilikuwa yangu na sikujali. Nilimpiga raundi ya kwanza. Nilimpiga mpaka mdoli aliposhindwa kuinuka, na mikono ikataka kuendelea. Watu walipiga kelele. Nurudini aliuangalia mkono wake, akaiangalia rimoti, akasema betri. Evaristi hakusema kitu. Siku hii nitaikumbuka kwa hilo tu, Evaristi hakusema kitu.

Nikaona Kibondo. Niliona hadi mahali nitakapoweka jiko.

Upande wa pili aliyebaki alikuwa Manirambona.

Nilifurahi. Naandika ukweli, nilifurahi, nikasema Mungu amenipa uji. Akaja, akasimama, akaanza kuinama kwa mazoea, watu wakamwambia leo hakuna. Akanyooka. Akashika rimoti kama nilivyomwona asubuhi zile anapodhani yuko peke yake.

Sikushindwa kirahisi. Tulikwenda raundi zote. Sikusita, sikurusha nusu, sijui nilipe jina gani lile pambano, ila nilitoa kila nilichonacho. Yeye alikuwa na zaidi. Kushoto-kulia, na ninaona inakuja, na mkono wangu hauwahi. Pela akaanguka. Niliinua mikono anyanyuke. Hakunyanyuka.

Hata waliokuwa nje walijisukuma mlangoni waone.

Khatibu akasimama, akasafisha koo, na nikajua kabla hajasema. Kijana wa vitunguu, anayeshindwa na wapita njia, aende akasimamie banda lake Kibondo? "Hili la kitambaa tumejaribu, limetuchanganya," akasema. "Sasa Pelagia na huyu warudie, kitambaa kitolewe, adabu irudi. Hapo tutajua bingwa." Akanitazama mimi. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe alinitazama kama mtu wake.

Nilielewa vizuri sana ninachopewa. Namba yangu ilishafika mamia, ya Manirambona iko chini kabisa. Kitambaa kikitoka atainama, ataulizia mifugo yetu, atapigwa, atasema asante. Funguo ni zangu. Nilikuwa ninazitaka zile funguo mpaka meno yananiuma. Miezi miwili nimewaka moto juu ya jambo hilihili, na sasa moto ule unaweza kunipikia mimi.

Bado nafikiria, na Manirambona akaweka rimoti chini. Akakutanisha viganja. "Mzee," akasema, "hakuna haja ya kurudia. Kazi apewe dada. Yeye ni mkubwa, ndiye anayelijua banda. Mimi nilibahatisha."

Akaanza kupiga makofi. Polepole. Akinielekea mimi.

Sijui hasira ile ilikuwa imekaa wapi siku zote. Nilimfuata nikamshika mikono yote miwili nikaibana isigongane.

"Ukinipisha leo nitakupiga na hii rimoti, na si mdoli, ni wewe," nikamwambia. "Umenipiga. Kila mtu ameona. Nani alikufundisha kuomba radhi kwa kushinda?"

"Dada, wewe ndiye uliyestahili."

"Nilistahili! Nilistahili tangu mwaka jana, na sikupewa. Hilo ni la kwangu na mzee huyu. Lako wewe ni kwamba umeshinda. Nyosha mgongo."

Hakunyosha. Nikamvuta bega mpaka akanyooka. Kisha nikamgeukia Khatibu. "Mimi sirudii. Nimeshindwa bila kuonewa. Wewe uliweka ahadi mbele ya watu wote hawa, mpe funguo zake."

Nurudini akasema, "Mjomba, huyu mwanamke amedata." Lakini watu walikuwa wameanza, kwanza nyuma, halafu banda zima: mpe, mpe, mpe. Khatibu akatoa funguo mfukoni. Alizitupa badala ya kumpa, na Manirambona akazidaka.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, mvua imeninyeshea yote. Mama aliuliza, "Umeshinda?" Nikasema hapana. Akauliza kitenge kiko wapi. Nimekisahau bandani. Akasema, "Potelea mbali," akaniwekea chai.

Jumapili, 19 Januari

Manirambona amepanda gari ya Kibondo. Sikwenda kumuaga. Nilisema nina kazi, na kazi ilikuwa kufagia.

Jumatano, 22 Januari

Evaristi anasema alijua tangu mwanzo kwamba namba haina ngumi. Nimemwondolea nafasi ya mbele.

Jumapili, 2 Februari

Manirambona amepiga simu. Banda la Kibondo limefunguliwa, limejaa. Anasema watu wa kwanza kuingia walimuuliza namba yake ni ngapi, wajue wamwamkie vipi.

"Ukawajibu nini?"

"Nikawaambia mimi ndiye mwenye funguo, walipe wakae."

Nikamwambia hapo amejibu sawasawa, asibadilishe. Akaniuliza kama bado nina hasira naye. Nikasema ninayo. Akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka kwa sauti. Akaanza kunieleza chumba cha nyuma, kwamba kina dirisha na jua la asubuhi linaingia, na kwamba jiko ameliweka pembeni ya mlango.

Nikakata simu, nikakaa juu ya jenereta nikalia. Ile kazi nilikuwa naitaka mimi.